Wateule Watatu: Juu ya Mamlaka ya Kumtaja Mtu na Mamlaka ya Kumweka

Neno likibebeshwa mizigo mitatu kwa safari moja, hapana budi mmoja uanguke njiani. Hayo ndiyo yaliyolipata neno "mteule" katika magazeti na redio za Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Agosti 2022, matokeo ya uchaguzi wa Kenya yalipotangazwa, William Ruto aliitwa Rais mteule. Maana yake ilikuwa kwamba wapiga kura wamekwisha kusema, na kwamba pingamizi ikishindwa mahakamani kilichobaki ni kiapo. Katika Seneti ya nchi hiyo hiyo wamo watu walioingia kwa orodha za vyama vyao, pasipo kupigiwa kura mmoja mmoja. Nao huitwa maseneta wateule, ijapokuwa wamekwisha apa, wamekalia viti vyao, wala hawangojei idhini ya mtu. Kisha, katikati ya mwaka 2024, Rais aliyataja majina ya watu aliotaka wawe mawaziri, na mara wakaitwa mawaziri wateule. Mwezi wa Agosti Bunge la Taifa likamkataa mmoja wao. Basi huyo alikuwa waziri mteule kwa siku chache, na waziri hakuwa hata siku moja.

Wa kwanza amechaguliwa na umma, wa pili amekwisha wekwa kitini, wa tatu ametajwa jina tu. Mwanafunzi aliyelelewa na neno hili moja akiingia katika chumba cha mtihani wa Kiingereza, akaulizwa habari za mamlaka ya kuteua, ataandika nini? Ataandika 'the power of appoint', au 'the power of nominate', na mwalimu wake atachukua kalamu nyekundu, atafuta 'of', ataandika 'to', kisha atapita. Kosa la kiungo limeponywa. Kosa la maana limeachwa likiwa zima, na mwanafunzi huyo atakwenda nalo katika magazeti, katika ofisi za serikali, na pengine katika kamati za kutunga sheria.

Hapana ugomvi juu ya sarufi yenyewe. Kiingereza husema 'the power to nominate', na husema pia 'the power of nominating' na 'the power of nomination'. Kosa huzaliwa na Kiswahili, kwa sababu katika "mamlaka ya kuteua" kiungo "ya" na kiambishi "ku-" hukaa pamoja kwa amani, na kitenzi-jina chetu ni kitenzi na jina kwa wakati mmoja; Kiingereza hutaka mtu achague moja. Wako pia wanaoandika 'nominative power', wakidhani wameunda sifa nzuri kutokana na kitenzi. Neno hilo ni la wanasarufi, nalo huitaja hali ya jina linapokuwa mtenda katika sentensi. Na ndugu yake 'nominal power' ni mamlaka ya jina tu, yasiyo na kitu ndani. Maneno yote matatu yametoka katika shina moja la Kilatini lenye maana ya jina, na mwandishi asiyejua njia aweza kumsifu mkuu wa nchi kwa neno linalomvua mamlaka yote.

Lakini hayo ni madogo. Walimu wengi huishia hapo, nao hudhani wamefundisha.

Jambo kubwa ni kwamba Kiingereza chenyewe hakikuwa na maana moja ya 'nominate', na yeyote anayefundisha kwamba neno hilo ni "kuteua" basi, amemficha mwanafunzi historia yote. Kwa asili ni kutaja jina. Swali ni hili: jina likiisha tajwa, mambo yamekwisha au ndiyo yanaanza? Katika Kiingereza cha makoloni, yalikuwa yamekwisha. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoanzishwa mwaka 1926, wajumbe wake wote waliwekwa na Gavana. Mwaka 1944 Eliud Mathu aliingia katika Baraza la Kenya, Mwafrika wa kwanza kukaa humo. Mwaka 1945 wakaingia katika Baraza la Tanganyika Machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Wajumbe wa namna hiyo Waingereza waliwaita 'nominated members', ili kuwapambanua na wa kuchaguliwa kwa kura. Gavana alitaja, na kutaja kwake kulikuwa ndiko kuweka. Hapakuwa na baraza la kumwuliza kwa nini huyu na si yule. Neno hilo likabaki likinuka harufu ya Gavana: mtu aliye 'nominated' ni mtu asiyetokana na watu. Waafrika wa Kenya walipopiga kura ya kwanza ya kuwachagua wajumbe wao mwaka 1957, na wa Tanganyika mwaka 1958 na 1959, fahari yao ilikuwa kuliepa neno hilo.

Ng'ambo ya Atlantiki neno hilo hilo lilikwenda njia nyingine. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, humpa Rais kazi mbili kwa vitenzi viwili katika sentensi moja: kwanza atataja, kisha, kwa ushauri na idhini ya Seneti, ataweka. Mwaka 1803, katika shauri la William Marbury dhidi ya James Madison, Jaji Mkuu John Marshall alikichukua kifungu hicho akakipasua kama mtu apasuavyo nazi. Kutaja, alisema, ni tendo la Rais peke yake na la hiari yake kabisa. Kuweka ni tendo lake pia, lakini haliwezi kufanyika pasipo idhini ya Seneti. Na kutoa hati ya kazi ni tendo la tatu, ambalo halina budi kupambanuliwa na yale mawili. Marbury alikuwa ametajwa na Rais John Adams, Seneti ikamkubali, hati yake ikatiwa sahihi na muhuri, ila haikumfikia mkononi. Shauri zima lilisimama juu ya swali la mtu huyu amefika wapi: yu nje ya mlango, kizingitini, au ndani? Mahakama ilisema yu ndani tangu hati ilipotiwa sahihi na muhuri. Hata hivyo hakuipata, kwa kuwa Mahakama iliona kifungu cha sheria alichokitegemea kupeleka dai lake huko kilipingana na Katiba.

Mwenye kuliona jambo hilo kuwa ni upuzi wa wanasheria na aukumbuke mwaka 2016. Rais Barack Obama alimtaja Merrick Garland kwa Mahakama ya Juu ya Marekani mwezi wa Machi. Seneti haikumkataa, ilifanya ukali zaidi, ilikaa kimya, wala haikumwita kumsikiliza, mpaka muda wa Rais ukaisha. Kiingereza kiliweza kusema kweli kuhusu mtu huyu kwa neno moja: 'nominated'. Lau mwandishi angaliandika 'appointed', angalikuwa mwongo. Na mwandishi wa Kiswahili aliyeandika kwamba "ameteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu" aliandika nini? Alimpa joho mtu ambaye hakulivaa kamwe.

Hapo viungo vidogo vya Kiingereza hupata maana, na hapo ndipo mwalimu angepaswa kukaa. Mtu akiwa 'nominated for' cheo fulani, cheo kiko mbele yake, pengine mbali. Akiwa 'nominated as' mgombea, amekwisha kuwa mgombea, na kitu anachokigombea bado. Akiwa 'appointed to' cheo, ameingia. Wamarekani husema pia 'nominated to' mahakama fulani, na hapo kiungo chaweza kumpoteza msomaji. Ni kitenzi kinachomwokoa. Tena mwanafunzi na aonywe kwamba 'power of appointment', katika sheria ya amana za mali, ni mamlaka aliyopewa mtu ya kuamua nani apewe mali, wala halihusiani na cheo chochote. Mfasiri mmoja akilikuta katika wasia, akalifasiri "mamlaka ya uteuzi," warithi watatafuta ofisi ambayo haipo.

Sasa ije Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Wakenya walizirithi njia zote mbili, ya Gavana na ya Marekani, wakazitia katika kitabu kimoja. Kifungu cha 152 kinasema Rais atawataja mawaziri na, kwa idhini ya Bunge la Taifa, atawaweka: hiyo ni njia ya Marekani, vitenzi viwili, milango miwili. Kifungu cha 97 kinaweka wajumbe 12 wa Bunge la Taifa watakaotajwa na vyama kulingana na wingi wa viti vyao: hiyo ni njia ya kale, ambayo kutaja kwa chama, kukiisha pita katika Tume kwa taratibu zake, hakungoji kura ya Bunge. Kiingereza cha kitabu hicho hutumia 'nominate' mahali pote pawili. Kwa hiyo si haki kumlaumu Mswahili peke yake. Ila Mwingereza alijilinda kwa kuweka 'appoint' karibu, ili msomaji aone kwamba safari ina hatua ya pili. Mswahili aliweka "teua" hapa, "teua" pale, na "teua" kule, kisha akaridhika.

Ukali wa jambo hili ulionekana mapema. Mwezi wa Januari 2011 Rais Mwai Kibaki aliyataja majina ya watu wa kushika vyeo vinne vikubwa, na cha Jaji Mkuu kimo. Waziri Mkuu Raila Odinga akasema hakushauriwa kama Katiba ilivyotaka katika kipindi kile cha mpito. Mwezi wa Februari Mahakama Kuu ikasema utaratibu ule ulikiuka Katiba, Spika wa Bunge naye akaukataa, na kabla mwezi haujaisha Rais akayaondoa majina yote. Iliwezekana kuyaondoa kwa sababu watu wale walikuwa wametajwa tu. Jaji Mkuu aliyekwisha wekwa hawezi kuondolewa kwa barua. Kwahitajika malalamiko, baraza maalumu la uchunguzi, na ushahidi. Aliyesoma habari zile kwa Kiswahili, kwamba vigogo wanne "wameteuliwa" na kwamba baada ya majuma machache "uteuzi umefutwa," alikuwa na haki ya kudhani kwamba Rais amemfukuza Jaji Mkuu.

Tena si wakubwa tu wanaodhurika. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2011 juu ya idhini ya Bunge, jina likiisha tajwa, umma hutangaziwa, na raia yeyote aweza kuleta hoja yake kwa kiapo kumpinga mtu huyo. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba muda uliowekwa ukipita, Bunge halijakubali wala halijakataa, mtu huyo atahesabiwa kuwa amekubaliwa. Kimya kinamwingiza kazini. Basi mfikirie mkulima wa Kitui au mvuvi wa Lamu, ambaye anazijua habari za mtu aliyetajwa, na gazeti lake la Kiswahili limemwambia kwamba mtu huyo ameteuliwa. Ataandika hoja ya nini? Ameteuliwa! Jirani yake asomaye Kiingereza anajua kwamba mlango ungali wazi. Raia wawili wa nchi moja, mmoja ana haki na mwingine ananyimwa kwa kitenzi.

Wapinzani wa hoja hii wana majibu, nayo yafaa yasikilizwe. Wako wasemao kwamba kuteua kwa asili ni kuchagua kilicho bora, na kwa hiyo neno lafaa mahali pote. Asili yake ni hiyo, hapana shaka. Wahenga waliposema mteuzi haishi tamaa, hawakumsema mkuu wa dola. Walimsema mtu wa kuchaguachagua, ambaye jicho lake halishibi. Watu wa dini nao wana wateule wao. Kuteua kulikuwa tendo la jicho na moyo, na yeyote aliweza kulitenda, hata mnunuzi wa samaki. Lakini tangu neno hilo lilipoingia katika gazeti la serikali limekuwa tendo la muhuri. Tanzania husema "mamlaka ya uteuzi" kwa maana ya yule mwenye kuweka watu kazini, na asubuhi moja ikitangazwa kwamba uteuzi wa fulani umetenguliwa, fulani hukusanya vitabu vyake mezani. Hakuna anayeelewa hapo kwamba jicho la mtu limeacha kumpenda. Neno likiisha pata muhuri haliwezi tena kutumiwa kwa mtu ambaye muhuri haujamfikia.

Wako wengine wasemao kwamba muktadha unatosha. Muktadha hutosha kwa anayejua mambo tayari. Gazeti huandikwa kwa ajili ya asiyejua.

Wa tatu ndio wenye nguvu, nao huuliza: neno gani liwekwe badala yake? Jibu lipo mdomoni mwa kila Mswahili. Kupendekeza. Na litazamwe neno hilo lilivyoundwa: kupenda, kupendeka, kupendekeza, kumfanya mtu apendeke kwa mwingine. Ndani ya kitenzi chenyewe yumo mtu wa pili ambaye moyo wake ungali unaombwa. Kiingereza kilihitaji kitenzi cha pili na idhini ya Seneti ili kumleta huyo mtu wa pili. Kiswahili kilimzaa naye. Halafu, Bunge likisharidhia, ndipo pa kuteua, au kuweka. Na kwa machifu lipo neno kongwe, kusimika, ambalo halina shaka hata kidogo. Aliyetajwa na aitwe mpendekezwa, au aliyependekezwa kwa wale wanaochukia maneno mapya. Mteule na aachiwe yule ambaye hapana tena wa kumzuia.

Mpinzani hodari atasema hapo: na majaji je? Kifungu cha 166 cha Katiba ya Kenya kinasema Rais atawaweka majaji kulingana na mapendekezo ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mwaka 2019 Tume ilipeleka majina 41. Rais Uhuru Kenyatta alikaa nayo; mwezi wa Juni 2021 akawaweka 34 na kuwaacha sita, mmoja akiwa amekwisha fariki. Mahakama zilikuwa zimesema kwamba Rais hana hiari ya kuchagua kati ya majina hayo, na wale sita waliwekwa na Rais aliyefuata, Septemba 2022. Katika jambo hili 'recommend', neno la unyenyekevu, ndilo lililoshika mamlaka. Na 'appoint', neno la kifalme, ndilo lililobaki na sherehe. Basi je, kupendekeza kwa Tume na kupendekeza kwa Rais ni kumoja?

Si kumoja, na pingamizi hii yapasa ikubaliwe. Hakuna kitenzi, cha Kiswahili wala cha Kiingereza, kitakachobeba peke yake habari ya nani mwenye neno la mwisho. Waandishi wa Katiba ya Kenya waliteleza kwa kumpa mwenye nguvu neno dhaifu, na miaka miwili ya mvutano ilikuwa sehemu ya gharama ya kuteleza huko. Kinachoweza kudaiwa kwa mwandishi ni kwamba sentensi yake imtaje mwenye neno la mwisho, kwa maneno, pasipo kumwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Na wenye kusema kwamba Kiswahili hakiwezi kufanya hivyo na waisome Ibara ya 51 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977. Humo Rais anamteua Mbunge kuwa Waziri Mkuu, na neno ni lile lile linalolaumiwa hapa. Lakini sentensi haikuishia hapo. Inaendelea kusema kwamba mtu huyo hatashika madaraka mpaka kwanza uteuzi wake uthibitishwe na Bunge kwa kura za walio wengi. Mwezi wa Novemba 2015 jina la Kassim Majaliwa lilipofikishwa Dodoma, Wabunge walipiga kura, wakahesabiwa, ndipo alipoapa. Hakuna msomaji wa ibara hiyo awezaye kupotea, hata akitaka.

Lakini angalia jambo jingine katika nchi hiyo hiyo, ambalo halipati kulaumiwa. Siku ya kupokea fomu za wagombea, Waingereza wa kwao huiita siku ya 'nomination', na mwenye kutaja jina la mgombea ni wapiga kura wanaotia sahihi fomu yake. Msimamizi wa uchaguzi hutazama tu kama fomu imejazwa sawasawa. Kiswahili cha Tanzania huiita siku ya uteuzi, na matangazo husema kwamba Tume au msimamizi "amemteua" fulani kuwa mgombea. Kitenzi kimeondoka mikononi mwa wadhamini wenye sahihi kikahamia mezani kwa msimamizi. Huenda sheria yenyewe imekusudia hivyo, na kama imekusudia, basi neno ni sahihi na ubishi uhamie kwa watunga sheria. Lakini mwanafunzi anayeifasiri habari hiyo kwa Kiingereza, akaandika kwamba msimamizi alikuwa na 'the power to nominate' mgombea, na aulizwe swali hilo kabla hajapewa alama: nani alilitaja jina, na nani alilipokea?

Gazeti nalo litajitetea kwa ufinyu wa nafasi. "Rais amemteua fulani kuwa waziri" ni maneno matano. "Rais amempendekeza fulani awe waziri, Bunge bado halijasema" ni maneno manane.